Maandishi baina ya mistari si fumbo

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie istilahi ambayo waandishi wengi, wakiwemo ninaowaheshimu kwa umahiri wao, wanaitumia visivyo. Wakitaka kusema kwamba msemaji ameficha jambo, huandika kuwa maana yake imo "baina ya mistari". Kwa jambo hilo tunalo neno fumbo, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Maandishi baina ya mistari ni kitu kingine kabisa, yaani maelezo au tafsiri inayoandikwa katika nafasi iliyo kati ya mstari na mstari: yanaonekana kwa macho, nayo yamewekwa pale makusudi ili yasomwe.

Istilahi hiyo inafuata neno la Kilatini cha Zama za Kati, interlinearis, lililoundwa kwa inter, yaani baina, na linea, yaani mstari. Linea nayo imetokana na linum, yaani kitani, kwa kuwa hapo awali ilikuwa uzi wa kitani uliovutwa ukanyooka. Hapa ndipo panaponifurahisha zaidi, kwa sababu neno letu mstari, lenye asili ya Kiarabu, ni ndugu wa mistara, kifaa cha kupigia mistari, ambacho kwa wanakili wa zamani kilikuwa ubao uliotandazwa nyuzi, karatasi ikagandamizwa juu yake mpaka alama za nyuzi zikabaki. Kilatini na Kiarabu havina nasaba moja, lakini vimekutana kwenye uzi.

Mfano bora ninaoujua ni Injili za Lindisfarne, zilizonakiliwa kwa Kilatini nchini Uingereza mwanzoni mwa karne ya 8 na ambazo leo zimehifadhiwa London. Katika karne ya 10 padri aitwaye Aldred aliandika, juu ya maneno ya Kilatini na kwa herufi ndogo, maana yake kwa Kiingereza cha Kale, na hiyo ndiyo tafsiri ya Injili kwa Kiingereza iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia. Tafsiri hiyo hakuiweka pambizoni, kwani maelezo ya pambizoni huweza kuzungumzia aya nzima, ilhali ya baina ya mistari hufuata neno kwa neno. Ndiyo maana tafsiri ya namna hii haisomeki kwa ulaini: hushika mpangilio wa lugha ya asili, nayo humfaa anayejifunza lugha hiyo.

Wanaisimu wanaitumia mbinu hiyo hadi leo. Chini ya "a-li-soma" huandika "yeye, wakati uliopita, soma", kila kipande chini ya mwenzake, kisha mstari wa tatu ukatoa tafsiri ya kawaida. Mwanafunzi aliyezoeshwa na magazeti kwamba baina ya mistari hamna ila siri atashindwa kuelewa anachofundishwa.

Ninakuomba basi, Mhariri, maneno hayo yaachiwe kazi yake, na anayeficha maana aandikwe kuwa amefumba.

Msomaji wako