Mjukuu wangu hakukosea bendera

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe la moyoni kuhusu bendera katika madarasa ya skuli zetu za Serikali hapa Zanzibar.

Wiki iliyopita mjukuu wangu, yuko darasa la nne, alirudi skuli kanuna. Nikamwambia lete daftari nione. Zoezi lenyewe dogo: "Chora bendera ya nchi yako." Yeye kachora buluu juu, nyeusi katikati, kijani chini, na pale pembeni juu, upande wa mlingoti, kaibana bendera ya Muungano, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, mistari ya manjano kaitia kwa ncha ya penseli. Kakosea kitu kimoja tu: mkanda mweusi kauteremsha kutoka kushoto badala ya kuupandisha. Maalim wake wala hakuliona hilo. Kapiga kosa kubwa la wino mwekundu, pembe hadi pembe, na chini yake kaandika: "Bendera ya taifa ni moja."

Nililitazama kosa lile muda mrefu. Maalim alikusudia kuifuta bendera ya Zanzibar ili ibaki ya Muungano, lakini wino umepita juu ya zote mbili.

Nilisomesha miaka 36. Najua kusahihisha madaftari themanini usiku mmoja kukoje, kwa hivyo sina ugomvi na maalim. Ugomvi wangu ni na ukuta wa darasa lake. Niliingia humo siku ya mkutano wa wazee. Ukutani mna jedwali la kuzidisha, picha ya mmea na mizizi yake, ratiba, na karatasi ya majina ya viranja. Bendera hamna. Iko mlingotini nje, na imekula jua na chumvi ya bahari hata buluu yake imekuwa kama maji ya kufulia. Tena huyu mjukuu wangu ni wa mkondo wa jioni: akifika bendera imeshapanda, akiondoka haijateremka. Ule wakati wa watoto kusimama kimya mikono imenyooka, bendera ikipanda, yeye anausikia kwa dada yake wa mkondo wa asubuhi. Basi huyo ndiye anayeambiwa achore kwa kichwa, na akichora anakatwa.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe, maana ndilo lenye mtego. Nchi yako ni ipi? Mfukoni mwangu mna vitambulisho viwili, cha Taifa na cha Mzanzibari Mkaazi, na vyote viwili nimevipanga foleni. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inasema Tanzania ni nchi moja. Katiba ya Zanzibar, tangu marekebisho ya 2010, inasema Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri hiyo. Mwaka 2014 waheshimiwa walikaa Dodoma katika Bunge Maalum la Katiba, suala la serikali mbili au tatu likawagawa, wengine wakatoka ukumbini na hawakurudi. Jambo lililowashinda watu wazima wenye posho, mtoto wa miaka kumi anatakiwa alijibu kwa penseli za rangi kabla kengele haijalia.

Wako watakaosema rahisi: tundika ya Muungano peke yake. Wengine nao, na hawa ndio wengi kwenye barza ninayokaa mimi, wanasema elimu ya skuli si jambo la Muungano, kwa hivyo itundikwe ya Zanzibar tu. Hawa wa pili wana ukweli nusu. Skuli zetu ziko chini ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali Zanzibar, hilo halina ubishi. Lakini huyo huyo mtoto akifika kidato cha nne, karatasi ya mtihani inatoka Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo limo katika orodha ya mambo ya Muungano, na elimu ya juu imo pia. Serikali mbili zinakutana juu ya dawati moja. Yeye hana habari, anasoma tu.

Mimi nimezaliwa 1955, na kabla sijatimiza miaka kumi nilishaona bendera zikibadilika hata mwalimu wetu hana muda wa kutueleza. Ilikuwapo nyekundu tupu ya Sultani. Tarehe 10 Disemba 1963, siku ya uhuru kutoka kwa Mwingereza, ikapanda nyekundu nyengine, yenye duara la kijani na karafuu mbili ndani yake, nayo ikadumu siku 33. Yakaja Mapinduzi, na baada ya wiki chache tukawa na buluu, nyeusi na kijani, rangi za chama cha Afro-Shirazi. Mwezi wa sita mwaka huo huo ikaja hii ya Muungano, iliyochukua kijani, manjano na nyeusi ya Tanganyika ikatia na buluu yetu. Kuanzia hapo nimesoma na kusomesha miaka na miaka chini ya bendera moja, hadi Baraza la Wawakilishi lilipopitisha sheria mwaka 2004 na Januari 2005, siku chache kabla ya sherehe za Mapinduzi, ikapandishwa hii iliyo katika daftari la mjukuu wangu. Nakumbuka kelele za wakati ule. Waliosema Muungano unavunjika walikuwapo. Na jibu la walioibuni lilikuwa kwenye kitambaa chenyewe, pale pembeni juu: bendera ya Muungano imo ndani yake. Huwezi kuichora ya Zanzibar bila kuichora ya Tanzania. Waulize watoto, watakwambia kile kipande ndicho kigumu kuliko vyote.

Ombi langu kwa Wizara, basi, ni dogo na halihitaji mfadhili. Kila darasa la skuli ya Serikali, kuanzia maandalizi, lipatiwe bendera mbili za kitambaa, saizi sawa, zitundikwe juu ya ubao, ya Muungano na ya Zanzibar, na chini ya kila moja yaandikwe kwa herufi kubwa jina lake na maana ya rangi zake. Wahenga walisema bendera hufuata upepo. Darasani hakuna upepo. Itatulia na mtoto ataisoma. Ataona kwamba kijani cha Muungano kiko juu upande wa mlingoti na buluu iko chini upande wa pili, maana hata wachora mabango wetu huigeuza, nimeona kwa macho yangu.

Najua nitaulizwa: na ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki? Iwekwe ofisini kwa mwalimu mkuu au kwenye ramani. Nchi nane, mtoto atazifikia akikua. Na zile za zamani, nyekundu na ya karafuu? Hapa nitawakera wengine, lakini nasema. Zisitundikwe, kwa sababu ukuta wa darasa ni wa nchi iliyopo. Ila zichapwe kwa rangi katika kitabu cha historia, na maalim azisomeshe bila kushusha sauti. Nimewahi kumuona mwalimu mwenzangu akifunga dirisha kabla ya kutaja Disemba 1963. Wanafunzi wakamtazama dirishani, somo likaishia hapo.

Kitu ambacho sitaki kukiona hata kwa kidole ni bendera ya chama. Ya chama chochote, kiwe changu kiwe chako. Uchaguzi ukikaribia kila mnazi na kila nguzo ya umeme inavaa rangi, na mtoto wa darasa la kwanza anazijua za vyama kabla ya kuzijua za nchi. Nimewaona uwanjani wakigawana timu za mpira kwa rangi za maskani za vyama vya baba zao, wasiocheza pamoja tangu wiki ya kampeni hadi Ramadhani. Madarasa yetu ndiyo hugeuzwa vituo vya kupigia kura, na watu wakiondoka huachwa vipande vya karatasi na vitambaa kwenye madawati. Mwalimu zamu avikusanye vyote kabla ya mwanafunzi wa mwanzo kuingia. Kuhusu fulana na kofia za vyama ambazo baadhi ya walimu huvaa Jumamosi wanapokuja kusomesha masomo ya ziada, nadhani kila mmoja anajijua.

Gharama nimeuliza. Fundi mmoja wa cherehani hapa mtaani kaniambia bendera ndogo ya ukutani haizidi masaa mawili ya kazi, iliyomtesa yeye ni ile mikanda ya manjano ya Muungano, lazima ikatwe mshazari. Alinishonea mbili, moja na moja. Ziko mezani hapa ninapoandika, juu ya daftari la mjukuu wangu.

Jumatatu nitakwenda kumuona maalim wake, jioni, baada ya kipindi cha mwisho. Nitamuomba aniwekee kiti niufikie ukuta juu ya ubao. Misumari ninayo.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba