Barua kwa rafiki anayekwenda kuisemea ofisi ya mashtaka

Dodoma

Dada yangu mpendwa,

Hongera kwa kukabidhiwa kitengo cha mawasiliano katika ofisi ya mashtaka hapa jijini. Umeniuliza uanze na lipi. Anza na kesi zinazoanguka. Hukumu za miaka 30 jela zinajitangaza zenyewe. Imani ya wananchi hupotea siku mshtakiwa anaporudi mtaani na ofisi imekaa kimya.

Mkurugenzi wa Mashtaka akieleza mahakama kuwa hana nia ya kuendelea na shauri, mshtakiwa anaachiwa, lakini anaweza kukamatwa na kushtakiwa upya kwa mambo yaleyale. Mahakama ikishapima ushahidi na kumwona hana hatia, huyo ameachiwa huru, na upande wa Jamhuri, yaani waendesha mashtaka, una siku 30 za kutoa notisi ya nia ya kukata rufaa. Redioni yote mawili huitwa "aachiwa huru", na kabla ya jioni Majengo na Chang'ombe wanasema hela imepita. Kwa hiyo Mkurugenzi akiondoa shauri, taarifa yako iseme limeondolewa lini, katika mahakama gani na kwa utaratibu upi, kisha iseme wazi kwamba hiyo si hukumu. Undani wa sababu usiuguse, kwa kuwa kesi inaweza kurudi. Ila waambie waandishi kwamba huwezi kuutaja na kwa nini huwezi. Ukizima simu, mtu mwingine atajibu kwa niaba yako.

Kabla ya waandishi, wapigiwe simu ndugu wa marehemu au mlalamikaji. Apige wakili wa serikali anayeijua kesi, ili wakiuliza swali lijibiwe palepale. Ni ukatili mama kusikia kwenye daladala kwamba aliyeshtakiwa kumuua mwanawe ameshafika nyumbani. Wa pili ni watu wa mapokezi na mlinzi wa getini, wapate sentensi tatu za kuwajibu wanaokuja kuuliza, maana wengi huanzia kwao.

Taarifa za kawaida hazina mambo mengi. Chukua nakala ya hati ya mashtaka masijala, siyo picha inayozunguka WhatsApp. Hati hufanyiwa marekebisho na ile ya zamani hubaki kwenye simu za watu. Andika jina, kosa na kifungu, mahakama, alichojibu mshtakiwa, na tarehe ijayo. Useme pia kama siku hiyo kesi inatajwa au inasikilizwa. Hili linasahaulika mno, na watu wanatoka Mpwapwa au Kondoa kwa nauli ya kukopa wakidhani mashahidi watatoa ushahidi, kumbe ni kutajwa tu. Kwenye kesi ya mauaji iliyo bado kwa hakimu mkazi, usiandike "amekana shtaka". Pale mshtakiwa hatakiwi kujibu chochote, kwa sababu kesi ni ya kusikilizwa Mahakama Kuu.

Sasa kuna maneno na picha zinazoua ushahidi, na hapa ndipo uwe mkali hata kwa wakubwa wako. Picha ya mtuhumiwa ikitoka kabla ya gwaride la utambuzi, pale shahidi anapotakiwa kumtambua mtuhumiwa kati ya watu waliopangwa mstari, wakili wa utetezi atamuuliza shahidi swali moja: "Ulimwona wapi kwanza, eneo la tukio au kwenye simu?" Gwaride hilo halitabaki na uzito. Vilevile usitangaze kwamba mtu "amekiri". Maelezo ya onyo, yale mtuhumiwa anayoyaandikisha polisi baada ya kuonywa, yanaweza kupingwa, ikaendeshwa kesi ndani ya kesi kuamua kwanza kama aliyatoa kwa hiari, na mahakama ikayakataa. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, na taarifa ya ofisi yako ni sehemu ya kumtendea.

Kesi za watoto zisome mara mbili. Tazama sentensi hii: "Mwanafunzi wa darasa la tatu, anayeishi na baba yake wa kambo karibu na kisima cha kijiji." Jina halimo, lakini kijiji kizima kimeshamjua. Andika "mtoto wa miaka 9, mkazi wa Wilaya ya Chamwino". Na mshtakiwa akiwa baba yake, ukitaja jina lake pamoja na undugu wao, umeshamtaja mtoto. Taja kimoja tu, au usitaje chochote.

Barua za wananchi wanaoomba taarifa zigongwe muhuri wa tarehe siku zinapopokelewa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inatoa siku 30 za kujibu.

Bunge la bajeti likianza Aprili, waandishi wa nchi nzima watakuwa hapa, na kesi inayotajwa na mbunge asubuhi utaulizwa kabla ya chakula cha mchana. Kila kesi kubwa iwe na ukurasa mmoja wa hali ilipofikia, na uuandike upya kila inapotoka mahakamani. Ukimaliza kurasa za kwanza niletee nizipitie, hata kama ni usiku.

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.