Wingi wa IP haufikishi imeili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisemee hili maana watu wanaliwa hela hivi hivi. Wauzaji wa huduma za kutuma imeili za jumla wanapita kwenye saccos, vyuo na maduka ya mtandaoni wanawaambia imeili zenu zinaangukia spamu kwa sababu mna IP moja tu (IP ni namba ya utambulisho ya seva inayotuma imeili), lipieni kumi. Si kweli jamani! Saccos inayotuma imeili elfu mbili kwa wiki hata IP ya peke yake haiihitaji, bora itumie IP za pamoja za kampuni yenye jina zuri, kwa sababu Gmail na wenzake wanaipima kila IP kwa mwenendo wake, sasa ukizitawanya hizo elfu mbili kwenye IP kumi kila moja inapata mia mbili kwa wiki, unakuwa mgeni kila mlango.

Na kuna kibaya zaidi. Kutawanya imeili kwenye IP nyingi ni mbinu ya zamani ya watu wa spamu ili wasishtukiwe, Spamhaus, shirika linaloorodhesha watumaji wa spamu, wana listi yao inaitwa CSS inayowanasa hao hao, kwa hiyo unalipa pesa yako halafu unafanana na wao.

IP ya pili ina kazi yake lakini, kwa wanaotuma nyingi. Risiti na namba za kuingilia kwenye akaunti zisipite njia moja na matangazo ya ofa, maana watu wakichoshwa na ofa wakabonyeza spamu, anayesubiri namba yake ndo anaumia. Hiyo IP mpya nayo unaanza nayo kidogo kidogo, kwa wale wanaofunguaga imeili zako kweli, ndo unapandisha wiki hadi wiki.

Tangu Februari 2024 Google anamtaka anayetuma imeili 5,000 kwa siku kwenda Gmail awe na SPF, DKIM na DMARC (mipangilio ya kuthibitisha kwamba imeili imetoka kwako kweli), njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja kwenye matangazo, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Hapo kuongeza IP hakusaidii chochote, na listi ya majina ya kuokoteza itachafua IP moja na itachafua ishirini.

Anayetaka kununua aombe kwanza namba yenyewe ya IP, aiangalie kwenye tovuti ya Spamhaus, ni bure, asipopewa namba asilipe.

Fundi seva,
Morogoro