Wageni wa kujitolea wawasaidie walezi, watoto tuwatembelee sisi wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo sisi wakazi wa Moshi tunaliona kila siku lakini tunalijadili kwa nadra, yaani maisha ya wageni kutoka Ulaya na Marekani wanaokuja kujitolea katika makao ya watoto ya Kikristo, wakakaa wiki mbili, mwezi au miezi mitatu, kisha wakarudi kwao. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa mlezi katika makao ya namna hiyo, na kwa muda mrefu mimi ndiye niliyepangiwa kuwapokea wageni hao na kuwaonyesha kazi. Ninawaheshimu. Wengi wao husukumwa na imani ya kweli, na wapo waliochangiwa nauli na waumini wenzao ambao si matajiri. Hata hivyo, naamini kwamba wiki ya mgeni huyo tumeipanga vibaya, kwa sababu tunamkabidhi mgeni kwa mtoto wakati tulipaswa kumkabidhi kwa mlezi, na kwamba nafasi anayoijaza katika maisha ya mtoto ni nafasi tuliyoiacha wazi sisi Wakristo tunaoishi hapa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia katika makao hayo, siku huanza saa kumi na moja alfajiri, mlezi wa zamu anapobandika uji na kuondoa mashuka ya watoto waliokojoa usiku. Inapofika saa moja wanafunzi wameshaondoka kwenda shule. Mgeni, ambaye kwa kawaida hulala hosteli mjini au nyumba ya wageni huko Shanty Town, hufika saa tatu hivi, wakati kazi nzito ya asubuhi imekwisha na waliobaki ni wadogo ambao hawajaanza shule. Hao ndio wake kwa siku nzima. Anawabeba mgongoni, anawafundisha nyimbo za Kiingereza, anawalisha makande saa saba, anawalaza. Alasiri wanafunzi wanaporudi anakaa nao kwenye madaftari, ingawa hisabati ya shule zetu za msingi za serikali imeandikwa kwa Kiswahili na yeye Kiswahili chake hakijavuka salamu, kwa hiyo mara nyingi huishia kuchora nao. Baada ya sala ya jioni anaondoka. Ijumaa mchana huaga kwa ajili ya mapumziko ya mwisho wa wiki, akaenda kuoga kwenye maji ya Chemka, kutazama maporomoko ya Materuni, au kuona wanyama Ngorongoro. Jumamosi, siku ambayo sare za watoto wote hufuliwa, nywele hunyolewa na kusukwa, na magodoro huanikwa juani, siku yenye kazi kuliko zote, hayupo. Tunamwona tena Jumapili kanisani, ambapo watoto hupangwa mbele waimbe na yeye hutambulishwa, na picha hupigwa.

Ratiba hiyo hakuipanga yeye. Mara nyingi ameilipia kwa kampuni ya nchini kwake iliyomwahidi kwamba atakuwa na watoto, na makao nayo yanahitaji mchango unaokuja pamoja naye, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumwambia kwamba tungefurahi zaidi kama angefua.

Jambo linaloniuma ni lile linalompata mtoto. Mtoto wa miaka mitatu au minne aliyekulia kwetu, gari geni likiingia getini, hukimbia na kunyoosha mikono abebwe na mtu ambaye hajawahi kumwona. Wageni huguswa sana na hilo, wakaandika nyumbani kwamba watoto wa Afrika wana upendo. Mama yeyote wa Rau au Pasua anajua kwamba mtoto wa umri huo mwenye mtu wake hujificha kwanza nyuma ya kanga ya mama, akachungulia, na humkaribia mgeni baada ya kuona mama amemkubali. Asiyejificha ni yule ambaye hana kanga ya kujificha nyuma yake. Kisha mgeni anaondoka. Wiki inayofuata mtoto anakataa uji, anashinda karibu na geti, na aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena. Akija mgeni mwingine naye akaondoka, hali hujirudia. Baada ya mzunguko huo kurudiwa vya kutosha, mtoto haachi alama yoyote ya huzuni, anapunga mkono na kurudi kucheza, na mlezi mpya asiye na uzoefu husema sasa amekomaa. Mimi hapo ndipo ninapoogopa.

Hofu hiyo haikuzuliwa na walezi wa Kilimanjaro. Daktari Mwingereza John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti juu ya jambo hili mwaka 1951, akieleza kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama au mtu anayesimama mahali pa mama. Huko Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi katika taasisi, nusu yao wakahamishiwa kwenye familia za malezi, na wale waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili walijenga uhusiano salama na walezi wao kuliko waliochelewa au waliobaki. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, uliopitishwa mwaka 2009, unaelekeza kwamba watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu, walelewe katika mazingira ya familia. Umoja huohuo, mwezi Desemba 2019, katika azimio la Baraza Kuu kuhusu haki za mtoto, ulizitaka nchi zizuie madhara yanayotokana na programu za kujitolea katika makao ya yatima, zikiwamo zinazofungamana na utalii, kwa kuwa zinaweza kusababisha watoto kusafirishwa kiharamu na kunyonywa. Mji wetu unaishi kwa utalii wa mlima. Tunapaswa kulisoma azimio hilo kama limeandikwa kwa jina letu.

Tena wengi wa watoto hawa si yatima kamili. Shirika la Save the Children liliandika mwaka 2009 kwamba duniani kote angalau wanne kati ya kila watoto watano walio katika taasisi wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai, na nilichokiona kazini hakipingani na hilo. Kuna bibi wa Rombo, kuna mama mjane wa Kibosho anayeuza ndizi Soko la Mbuyuni, kuna baba aliyekwenda kutafuta maisha kwenye migodi ya Mererani. Walimleta mtoto kwa sababu ya chakula na shule. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hadi kidato cha sita, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana vinahitaji fedha, na makao yenye wafadhili huwapeleka watoto shule za kulipia zinazofundisha kwa Kiingereza. Mama mjane akilinganisha, anaona kwamba kumpenda mtoto ni kumwacha. Maandiko tunayoyasoma kila Jumapili huwataja yatima na wajane pamoja, tena katika agizo moja, nasi tumemchukua yatima tukampa kitanda, mjane tukamwacha sokoni.

Kwa Wachaga kuna hasara nyingine ambayo mgeni hawezi kuiona kwa sababu haionekani katika picha. Mtoto asiyekulia nyumbani haujui mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yake, hajui mgomba upi ulipandwa na nani, majirani hawamjui, na anapotoka makao akiwa na miaka kumi na minane anakuta baba mdogo ameshaotesha kahawa mpaka ukingoni na hakuna mzee wa kumshuhudia. Nimewaona vijana waliosoma vizuri, wenye Kiingereza kizuri kuliko changu, wakipanga chumba Majengo kwa sababu huko juu hawana pa kushika.

Sisemi milango ya makao ifungwe kesho. Kuna watoto waliookotwa, kuna walioumizwa na ndugu zao wenyewe, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua kwamba wapo wanaohitaji mahali pa kulindwa wakati afisa ustawi wa jamii akitafuta ndugu, familia ya malezi ya kambo, au watu wa kumwasili. Wala sisemi wageni wasije. Nitaeleza mmoja aliyetufaa, ili ieleweke ninachokiomba. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa makamo kutoka Ujerumani, na tulikuwa na mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kukakamaa na kupishana kama mkasi. Siku ya kwanza alikataa kumshika mtoto yule. Alimwomba mlezi wake amshike, yeye akaweka mikono yake juu ya mikono ya mlezi, akamwonyesha jinsi ya kuufungua mguu polepole, kusubiri msuli ulegee, kisha kuendelea kidogo. Walifanya hivyo kila asubuhi kabla ya kumvisha nguo, mpaka mlezi akaweza peke yake, na alipoweza yule mama alihamia stoo, akatushonea mito ya kumkalisha mtoto wima wakati wa kula ili asipaliwe. Alipoondoka, mtoto hakupoteza mtu. Mikono iliyokuwa ikimnyoosha ilikuwa ileile, na iliendelea kumnyoosha.

Huo ndio utumishi ninaouomba. Mgeni mwenye ujuzi wa hesabu akae na mhasibu, fundi seremala atengeneze vitanda pamoja na vijana wetu, muuguzi awafundishe walezi kutambua dalili za upungufu wa maji kwa mtoto anayeharisha, na kijana asiye na ujuzi wowote, ambaye ana nguvu na moyo, afike Jumamosi alfajiri kwenye karai la kufulia ili mlezi apate muda wa kukaa chini na mtoto wake mmoja mmoja. Mlezi analala macho usiku, mshahara wake ni mdogo, na ndiye pekee ambaye mtoto atamkuta kesho. Chochote kinachomfanya asichoke na asiache kazi kinamfaa mtoto kuliko nyimbo za wiki tatu. Zaidi ya hayo, kila mgeni, awe na barua ya mchungaji au asiwe nayo, alete uthibitisho wa polisi wa nchi yake kwamba hana rekodi ya makosa kabla hajavuka geti. Nimeona makao yakimuuliza mgeni ataleta nini, na swali la yeye ni nani likasahaulika.

Sasa nigeukie kwetu, kwa maana lawama zote nikiwaachia wageni nitakuwa sijasema kweli. Sharika zetu na jumuiya ndogondogo huwatembelea watoto lini? Wakati wa Krismasi, Pasaka, na kijana anapopata kipaimara. Tunakwenda kwa basi dogo, tumevaa sare za kwaya, tumebeba mchele, sabuni na mafuta ya kupikia, tunapiga picha na watoto tusiowajua majina, na saa kumi tumeshaondoka. Mgeni kutoka Marekani angalau hukaa mwezi. Moshi imejaa walimu wastaafu, wauguzi waliomaliza muda wao hospitali ya KCMC, kina mama ambao watoto wao wamehamia Dar es Salaam, watu ambao wangeweza kumchukua mtoto mmoja, kila Jumatano alasiri, wakamsomesha hisabati kwa lugha anayoielewa, mwaka huu, mwaka ujao na mwaka utakaofuata, na siku ya kuhitimu darasa la saba wakawa wamekaa kwenye viti vya wazazi. Mtu wa namna hiyo hahitaji kibali cha ukaazi wala tiketi ya ndege. Anahitaji nauli ya daladala na uaminifu wa kutokosa siku yake.

Ninaandika sasa kwa sababu Desemba inakaribia. Mwezi huo Wachaga wote hupanda kuja nyumbani, barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa magari, na ndio mwezi ambao makao hupokea wageni wengi, hivyo watoto hubakizwa wawaimbie. Mtoto wa Rombo anaimba mjini huku bibi yake yuko Mkuu, huko Rombo, umbali wa safari ya basi ya saa chache. Ombi langu kwa wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa wa Moshi ni kwamba sadaka ya Krismasi ya mwaka huu, badala ya kununulia mchele na soda za sherehe, ilipie nauli za kwenda na kurudi kwa kila mtoto ambaye ustawi wa jamii umethibitisha kuwa ana ndugu salama, pamoja na unga, mafuta na sukari za kupeleka huko, na mwanausharika mmoja amsindikize, aone nyumba, azungumze na bibi, na akirudi aueleze usharika ingegharimu kiasi gani kwa mwezi mtoto huyo kuishi kule moja kwa moja. Maombi ya safari hizo yapelekwe kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kabla Novemba haijaisha, kwa maana ukaguzi wa familia huchukua wiki kadhaa na hauwezi kufanywa kwa haraka mwezi wa sikukuu ukishaingia.

Wako katika huduma,
Mlezi mstaafu,
Moshi, Kilimanjaro.