Risala kwa mgeni wa heshima, siku ya kufunga chalenji yetu ya A mpaka Z

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mwenyekiti, akina mama, vijana wawili wa kiume ambao mpaka leo mnakaa karibu na mlango kama watu wanangojea matatu, na watoto mliokuja kwa sababu ya keki, hamjambo nyote.

Nimepewa dakika tano. Sisi ni watu 19 wa hapa Buruburu na mitaa ya karibu, kuna wa kroshe, wa shanga, wa kudarizi, wa viondo, na mmoja wa kadi za karatasi ambaye tunamchokoza lakini tunampenda. Wengi tuna kazi zingine, hii ni ya kutuliza kichwa jioni. Na shida yetu tunaikubali hadharani, tunaanza vitu hatumalizi, kila nyumba iko na kikapu chini ya kitanda na ndani kuna sweta ya mkono mmoja, kitambaa cha kiti kilifika nusu, soksi haina mwenzake.

Sasa Januari mmoja wetu akasema tucheze. Kila wiki herufi moja, unapiga picha ya kitu umetengeneza na mkono wako na jina lake lianze na hiyo herufi, halafu sharti ni moja tu: kiwe kimeisha. Uzi ukionekana unaning'inia hakuna pointi.

Vita vilianza kabla hata ya A. Wengine wanasema herufi ni 26, walimu wetu wawili wakasema hapana, Kiswahili hakina Q wala X, na C yenyewe haitoki nyumbani bila H, kwa hivyo ni 24. Tukapiga kura, walimu wakashinda. Dada mmoja alikuwa tayari ameshona kwilti nzima, kwa Kiingereza quilt, akitegemea Q, alinuna wiki mbili, ikabidi aingoje K. Na kwa hio C tulipata cherehani tano, ambazo hakuna mtu alitengeneza, zote tukazikataa, akashinda mwenye chupa ya maji aliyoivalisha sweta ya kroshe.

Herufi rahisi sitawachosha nazo. Zenye zilitutoa jasho ni E, I, O na Y. Kwa I mtu alitengeneza hereni za udongo zinafanana na iliki, kwa Y mwingine akashona begi ya kitenge na kuandika "Yadi moja", eti ndio kitambaa ilikula, tukampa nusu pointi. Kwa O, mama mmoja alipiga picha sweta aliyomfumia mzee wake, shingo imekaa kwa bega, akaandika tu: "Ovyo." Kura zote zilimwendea, na mzee bado anaivaa.

Kulikuwa pia na wakora. Ndugu yetu wa shanga alileta ushanga mmoja, umekaa peke yake katikati ya sahani nyeupe, akasema hii ni U, ameuchonga kwa mfupa mwenyewe. Anatunyima usingizi na picha hio, halafu wiki ya S imepita anasema hakuna ubaya, S pia angeleta huo huo na wenzake wawili. Wa uzi wakajifunza hapo, wiki ya N tayari ilikuwa imepita, sijui wangefanya nini na nyuzi.

Picha ya J ni mkeka wa juala, hii mifuko ya plastiki, uliofumwa kitambo, kabla juala zipigwe marufuku Agosti 2017. Mheshimiwa ukiuona hapo ukutani tafadhali usitushike, ni mzee kuliko sheria.

Lakini yenye nataka uiangalie vizuri ni ya K. Mama yetu wa Ukambani alikuwa na kitako cha kiondo, saizi ya sahani ya chai, kimekaa hivyo tangu mtoto wake aingie shule, na huyo mtoto sasa ako chuo. Alirudi Kariokor kutafuta mkonge wa rangi ile ile akakosa, akaendelea na ingine. Ukikiangalia unaona mahali rangi imebadilika, kama alama ya maji kwa ukuta, chini kahawia ya zamani na juu kahawia mpya. Alikataa kuficha.

Ombi letu ni dogo. Tunapiga picha nje karibu na kamba ya nguo kwa sababu ndani ni giza na stima ikipotea tunaenda nyumbani. Tukipata chumba chenye dirisha kubwa Jumamosi moja kwa mwezi, na meza mbili, tumetosheka. Kile kiwanda cha shanga cha Kazuri pale Karen kilianza 1975 na akina mama wawili wakitengeneza shanga za udongo, sisi tuko 19, hatuombi kiwanda.

Sasa imebaki Z. Zulia liko hapo mbele yako, kila mtu alileta vipande vya kroshe vya uzi uliobaki, mwingine mpaka alifumua sweta ya mtumba ya Gikomba, tukaunganisha usiku wa jana. Kona moja haijashonwa na kwa sheria yetu haiwezi kupigwa picha hivyo. Sindano ni hiyo, uzi mwekundu ushatungwa. Mheshimiwa, karibu.