Majuto ya Ovidius

Constanța, Romania

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na naomba salamu zangu zimfikie Mama na wote wa nyumbani.

Uliniuliza ile sanamu ya shaba katika picha niliyokutumia ni ya nani. Ni ya Ovidius, mshairi wa Roma ya kale, ambaye Kaisari Augustus alimfukuza mwaka 8 baada ya Kristo na kumleta katika mji huu wa pwani ya Bahari Nyeusi, wakati huo ukiitwa Tomis. Nimekuwa nikiyasoma mashairi aliyoyatunga akiwa huku, na kilichonishika ni namna anavyojuta.

Anataja mambo mawili yaliyomponza: utenzi wake wa kufundisha mbinu za mapenzi, uliomchukiza mtawala aliyekuwa ametunga sheria kali za ndoa, na jambo fulani aliloliona kwa macho yake, ambalo hakulifichua mpaka kufa. Kitabu cha pili cha Tristia, mkusanyo wa mashairi yake ya uhamishoni, chote ni ombi moja refu kwa Augustus, lakini toba iliyomo imechanganyika mno na sifa za mfalme, kiasi kwamba mimi namwona humo mtu anayejitetea kuliko anayejuta.

Majuto ninayoyaamini yamo katika barua zake kwa mkewe aliyebaki Roma. Katika mojawapo anamwambia kwamba alimwacha akiwa kijana, na sasa bila shaka amezeeshwa na masaibu ya mumewe. Anatamani azibusu nywele zake zilizobadilika rangi. Hapo hajitetei tena. Anaona madhara aliyomletea mtu asiye na hatia, na anayataja kwa upole mkubwa. Katika barua nyingine ni mgonjwa, hawezi kuandika kwa mkono wake, na anamsihi mkewe mifupa yake irudishwe katika chungu kidogo, asiendelee kuwa uhamishoni hata baada ya kufa. Baba, unajua jinsi sisi tulio mbali tunavyochangishana ili maiti zetu zisafirishwe kwao. Sikuweza kuzisoma beti hizo haraka.

Augustus alifariki mwaka 14, na mrithi wake Tiberius hakumsamehe. Ovidius alifia huku yapata mwaka 17. Baraza la jiji la Roma lilitengua adhabu yake Desemba 2017.

Barua ile ya nywele naitafsiri sasa, nami nitaituma ikiwa tayari, ili umsomee Mama.

Mwanao akupendaye