Beti saba za Bach

Mwalimu wangu,

Salaam nyingi. Barua yako nimeipata, na visa vya kwaya nimevisoma nikicheka peke yangu. Ila hapo uliposema tenzi za Kijerumani zinachosha, kwamba ukifika ubeti wa tatu waumini wanaanza kutazama saa, ndiyo maana unatangaza "wa kwanza, wa pili na wa mwisho", hapo tutagombana.

Itafute kantata (utungo wa kanisani wa waimbaji na ala) ya Bach, yule mtunzi Mjerumani, iitwayo Christ lag in Todes Banden, yaani Kristo alilala katika vifungo vya mauti, namba 4 katika orodha ya kazi zake. Wimbo wenyewe ni wa Pasaka, maneno ya Martin Luther, mwaka 1524, na chimbuko la tuni ni wimbo wa Kilatini uliokuwa ukiimbwa kanisani karne nyingi kabla yake. Una beti saba. Wataalamu wengi wanasema Bach aliishughulikia karibu na mwaka 1707, akiwa kijana wa miaka 22 hivi. Hakukata ubeti hata mmoja, wala hakuchomeka maneno mengine. Tuni ni ileile, ufunguo ni uleule mwanzo mwisho, na kila ubeti unaishia na Haleluya. Najua unasema hapo watu watasinzia tu.

Basi sikiliza ubeti wa tatu. Sauti ya tatu, yaani tenor, inaimba tuni peke yake, fidla zinatiririka juu yake bila kupumua. Maneno yanapofika pale ambapo mauti yamenyang'anywa nguvu, hayakubakiwa na kitu, muziki wote unakatika. Kimya. Kisha, polepole sana, inaimbwa kwamba kilichobaki ni sura ya mauti tu, na fidla zinashika mbio tena kama hakuna kilichotokea. Wa nne ni vita vya mauti na uzima: alto, yaani sauti ya pili, wameshika tuni, wengine wanaingia mmoja nyuma ya mwenzake, wanafukuzana.

Wa tano ni wetu sisi besi, sauti ya chini kabisa, kwa hiyo usitegemee nisiwe na upendeleo. Damu ya Mwanakondoo imepakwa mlangoni, kama kule Misri, na imani inayaonyesha mauti damu hiyo. Kwenye neno "mauti" besi anatoka juu na kutumbukia oktavu moja na nusu, noti kama kumi na mbili, kwa mruko mmoja, na akishatua huko chini anatakiwa akae, asitetemeke. Nimejaribu bafuni, majirani wanaweza kukusimulia. Muda si muda anaimba kwamba mwangamizi hawezi tena kutudhuru, na hapo anapandishwa hadi noti ya D ya juu, anaishikilia mpaka unamwonea huruma. Wa sita, wa soprano na sauti ya tatu, ni mzuri, lakini baada ya huo nani anausikia?

Sasa kata kama unavyokata wewe. Ubeti wa pili unasema hakuna mwanadamu aliyeweza kuyashinda mauti, yametufunga. Wa saba tumeshakaa mezani tunakula mkate wa Pasaka. Nani alitufungua? Vita vyote umeviacha ndani ya kitabu.

Na usiniambie Bach alikuwa na muda wa kutosha. Alipokuwa mji wa Leipzig, Ujerumani, alidaiwa kantata karibu kila Jumapili, lakini hii ya ujanani aliitoa tena Pasaka ya 1724 na ya 1725.

Huhitaji fidla. Pasaka hii chukua utenzi mmoja tu wenye beti nyingi, uimbwe wote: ubeti mmoja wape kina mama peke yao, mwingine besi washike tuni, wa vita uharakishe kidogo, wa mwisho kanisa zima. Kama mchungaji atalalamikia muda, mwambie apunguze matangazo.

Nisalimie shemeji na watoto. Kanda ya mazoezi uliyoahidi bado naisubiri.

Wako,
Besi wa mstari wa nyuma